Vile utapanga na kutoa sadaka ya shukrani

Bwana asifiwe wapendwa. Huku kwetu Kakamega mahindi yakishavunwa mwezi wa nane kuelekea wa tisa, makanisa mengi yanatangaza jumapili ya shukrani, na watu wengi wanangoja mpaka wafike mlangoni ndio waanze kutafuta mia mbili kwa mfuko. Si mbaya, lakini hii sadaka inataka kupangwa.

Kwanza taja jambo lenyewe. Fungu la kumi unatoa kwa mapato, ila shukrani inafuata kitu Mungu amefanya, mtoto ametoka hospitali, kesi ya shamba imeisha, ng'ombe amezaa salama. Kaa chini uandike kwa karatasi, moja moja, usiseme tu "asante kwa yote" ukapita. Wale wakoma kumi wa Luka 17 walipona wote, na yule mmoja alirudi baada ya kujiangalia akaona kweli amepona.

Kiwango muamue nyumbani, wewe na mwenzako, kabla ya jumapili. 2 Wakorintho 9:7 inasema kila mtu atoe vile amekusudia moyoni, sio kwa huzuni wala kwa lazima, kwa hivyo kama mmekubaliana elfu moja ibaki elfu moja hata kama mhubiri ataita wa elfu kumi wasimame mbele. Usikope ndio utoe, na tafadhali usiguse karo ya mtoto. Na usitoe ukihesabu itarudi mara mia, manake ulishapewa tayari, hapo wewe ndio unarudisha asante. Kama kuna mtu mmekosana nenda mwongee kwanza, Mathayo 5:23 iko wazi.

Ukileta kuku, chagua yule ungechinjia mgeni wa heshima, sio yule anasinzia kwa kona. Mfunge miguu na kitambaa, waya inamkata, mpe maji asubuhi umweke kwa kikapu na umpeleke mapema kwa wamama wanaopokea vitu, wamweke kivulini, asije akafa na joto ibada ikiendelea. Mahindi yakauke vizuri kabla hujapima gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, yale ya ukungu yana sumu, kama huwezi kuyala usiyapeleke madhabahuni. Ibada ikiisha kutakuwa na mnada, na hapo usishangae jogoo mmoja akinunuliwa, arudishwe, auzwe tena, hiyo pia ni njia ya watu kushukuru pamoja na wewe.

Pesa weka kwa bahasha na uandike juu ni ya nini. Ukituma kwa M-Pesa, pale kwa akaunti weka neno SHUKRANI kama kanisa lenu linatumia hivyo, la sivyo mweka hazina ataihesabu na sadaka ya kawaida. Ukitaka kusimama mbele na familia ongea na mzee wa kanisa wiki moja ama mbili kabla, na ushuhuda wako uwe mfupi: ilikuwa hivi, Mungu akafanya hivi, asanteni kwa kuniombea. Mambo ya hospitali ya mtu mwingine usiyamwage bila ruhusa yake.

Sasa kuna kitu tunakiacha sana na mimi kinanigusa. Walawi 7:15 inasema nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ile ile, isibaki hata asubuhi. Hebu fikiria, ng'ombe mzima na hakuna friji, utamalizaje na watoto wako pekee? Lazima uite watu! Kwa hivyo ukishatoa kanisani, pika. Si lazima iwe ingokho, yaani kuku, na chapati, hata sufuria ya githeri na chai ya maziwa inatosha, lakini waite wale walikushikilia wakati ule mgumu, yule jirani alikuletea maji, na mama mjane ambaye haitwi kwa sherehe, halafu kabla ya kula uwaambie tunakula kwa sababu gani. Watoto wako wakuone ukisema hivyo.

Na kama uliahidi kitu mbele ya watu na bado hujalipa, usianze kuhepa ibada. Nenda kwa mweka hazina mpange tarehe, lipa kidogo kidogo mpaka iishe, halafu mara ingine utoe chenye uko nacho mkononi bila ahadi.