Kufupisha klachi ya gari ya manyuali bila kuua giaboksi (nimefanya kwa Altezza hapa Malindi)

Kama unaendesha gari ya manyuali mji huu basi unajua vile mguu wa kushoto unavoteseka. Ukitoka sokoni mpaka ufike Lamu Road ni tuktuk mbele, boda ubavuni, mkokoteni umekata kona bila kuuliza mtu, gia ya kwanza, ya pili, rudi ya kwanza, na kila mara pedali lazima iende mpaka chini kabisa. Mimi nina Altezza RS200, ile ya gia sita yenye injini ya 3S-GE, gari tamu wallahi, lakini klachi yake ilikuwa ndefu kama hadithi ya mzee wa baraza. Kisigino kinanyanyuka kwa sakafu, goti linagonga chini ya stelingi, ukitaka kubadilisha gia haraka mguu ndo unachelewa, mkono ushafika zamani.

Siku moja nikachukua futi nikapima. Pedali kutoka juu mpaka chini sentimita 14. Nikaja kugundua klachi yenyewe inaachia kwa sentimita 9 tu, yani hizo tano za mwisho nilikuwa nakanyaga bure kila siku ya Mungu.

Sasa hapo ndo siri yote ilipo. Safari ya pedali ina sehemu tatu. Juu kabisa kuna ulegevu kidogo, unasukuma na kidole hausikii kitu. Katikati ndo kazi, mafuta ya klachi yanasukumwa, klachi inashika na kuachia. Chini ni ziada. Kinachofaa kukatwa ni ile ya chini. Ule ulegevu wa juu uwache hapo hapo, na nasema hivi kwa sababu nilianza kwa kuukata huo huo.

Nilimpelekea fundi mmoja, akasema ah hii ni dakika kumi, akalegeza nati ya pushrodi (kile kifimbo kinachotoka kwa pedali) ya masta silinda, ile silinda ya juu inayosukuma mafuta ya klachi, akairefusha mpaka ulegevu ukaisha. Klachi ikashika juu juu, raha tupu, nikampa pesa yake na soda. Siku ya tatu naenda Mombasa, nimepita Gede, nakaribia Kilifi nataka kuovateki lori, nakanyaga mafuta injini inalia, mshale wa rpm unapanda na gari haiendi kokote, halafu ikaja ile harufu ya klachi kuungua ambayo ukiinusa mara moja huisahau.

Nini kilitokea? Ndani ya masta silinda kuna kitundu kidogo kinachounganisha silinda na kichupa cha mafuta. Pedali ikiwa juu, pistoni inarudi mpaka mwisho na kitundu kinafunguka, kwa hivo mafuta yakipata moto yakavimba yanarudi zake kwa kichupa. Ukiondoa ulegevu wote pistoni hairudi mpaka mwisho, kitundu kinabaki kimezibwa, mafuta yakipata moto hayana pa kwenda ila kusukuma silinda ya chini, ile slevu, na slevu inasukuma beringi ikandamize presha plati (lile bamba linalobana klachi), yani ni kama kuna mtu kakanyaga klachi nusu safari nzima. Ndo maana gari ilikuwa nzuri nikizunguka mjini asubuhi na ikaharibika njia ndefu. Vitabu vingi vya Toyota vinataka ulegevu wa kama milimita 5 hadi 15 ukipima kwenye pedali. Gari yako ina kitabu chake, kifuate hicho.

Haya tuanze kazi. Kwanza kabisa toa mati ya sakafuni. Usicheke. Mimi chini ya kapeti nilitoa mchanga wa Silversands karibu kopo zima, na kuna watu wana mati mbili moja juu ya nyingine, pedali haifiki chini halafu wanalia gia zinakwaruza.

Pili toa hewa kwenye laini ya klachi kabla hujapima chochote, maanake kama kuna hewa vipimo vyako vyote ni uongo. Unahitaji mtu wa pili. Mimi nilimkalisha mtoto wa dada yangu kwenye siti, mimi nikaingia chini (gari ikae juu ya stendi, usiiamini jeki peke yake). Unavisha mpira mwembamba kwenye nipo ya slevu (kile kichuchu cha kutolea hewa), ncha ya pili iwe ndani ya chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Akanyage mara tatu nne kisha ashikilie chini, ufungue nipo, mafuta na mapovu yatoke, ufunge, NDIO aachilie. Akiachilia kabla hujafunga inavuta hewa upya na mnarudi mwanzo, sisi tulirudi mwanzo mara mbili kwa sababu kila nikisema shikilia yeye anasikia achilia, "mjomba si umesema niachilie?" Angalia kichupa cha juu kisikauke. Tumia mafuta ya breki DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kilivyoandikwa, usitie oili ya injini wala kitu kingine, raba za ndani zitavimba zife. Yakimwagika kwa rangi ya gari mwagia maji hapo hapo, yanakula rangi. Na sisi wa pwani tuyabadilishe mara kwa mara, haya mafuta yanafyonza unyevu wa hewani na unyevu hapa haujawahi kupungua. Ile nipo pia kwa chumvi hii inashika kutu, ipige WD-40 usiku wa kuamkia kazi, ukiilazimisha inakatika na hapo utanunua slevu mpya.

Tatu, kagua ulegevu wa juu kwa kidole. Kama haupo au umezidi, legeza nati ya pushrodi, zungusha kidogo kidogo, kaza. Mara nyingine hapa peke yake unapata sentimita moja au mbili, kwa sababu gari nyingi zimechezewa na ulegevu umekuwa mkubwa kupita kiasi.

Sasa kutafuta pale klachi inapoachia, hapa usiharakishe. Endesha kwanza nusu saa gari ipate moto, maana klachi baridi na klachi moto haziachii sehemu moja. Simamisha pahali tambarare, mbele na nyuma pasiwe na mtu, handbreki juu, mguu wa kulia kwenye breki, injini iwe sailensa, yani inawaka bila kukanyagwa mafuta. Kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka tano, ingiza rivasi. Inaingia laini? Toa, rudi nyutro, inua pedali sentimita moja, hesabu tano tena, ingiza rivasi. Tunatumia rivasi kwa sababu giaboksi nyingi rivasi haina sinkro (kile kinacholainisha gia kuingia), kwa hivo kama klachi haijaachia sawasawa itakwambia kwa kukwaruza. Pale itakapoanza kukataa simama, usiilazimishe, huko ndo meno yanakovunjika. Pima hapo. Kutoka hapo ongeza sentimita moja na nusu kwenda chini, mimi niliweka mbili kwa sababu ni muoga. Hapo ndo pedali yako itakuwa inasimama.

Kuna mtu atasema si uweke tu kitu chini ya pedali. Nilijaribu, nilikata ndara za zamani nikazipanga nikazigundisha na tepu. Ndara zinabonyea, kila siku kipimo chake, na siku moja kipande kikachomoka kikateleza upande wa breki. Nilikuwa mwendo mdogo, Mungu saidia. Chochote kinachoweza kuhama pale chini kisikae, wala ndara wala mbao.

Fanya stopa ya bolti, yani kizuizi cha kusimamisha pedali. Ingia chini ya dashibodi na tochi uangalie mkono wa pedali unafikia wapi ukikanyagwa, gari zingine zina raba ya kiwandani pale au nati ilochomelewa tayari, ukiwa na bahati hiyo ni bolti ndefu tu unatia. Kama hakuna, pima, nenda kwa mchomeleaji akukatie bati nene la milimita 3, alikunje kama L, atoboe matundu yashikwe na bolti za bracketi ambazo zipo tayari, na achomelee nati ya M8 (ya bolti yenye unene wa milimita 8). Achomelee HUKO kwake, usikubali alete moto ndani ya gari penye kapeti na nyaya. Na usitoboe ukuta wa injini kama hujaona upande wa pili kuna nini. Bolti ya M8 ya sentimita tano inaingia kwenye ile nati, kichwani unavisha kiraba kigumu pedali isigonge chuma kwa chuma, na nati ya pili ya kuifunga isijizungushe. Bati liwe imara kweli, mtu akishtuka anakanyaga na nguvu zake zote.

Kitu cha kuchekesha, nilimaliza nikafurahi, napiga ufunguo gari haiwaki. Kimya. Gari nyingi za manyuali za Japan haziwaki mpaka ukanyage klachi, na ile swichi iko mwisho wa safari ya pedali, sasa pedali haiifikii tena. Usiunganishe nyaya moja kwa moja kama watu wanavofanya, siku mtoto atacheza na ufunguo gari iko kwenye gia itaruka. Legeza nati za swichi uisogeze mbele, au gundisha kibati pale inapoguswa.

Kuna njia nyingine ya kubadilisha masta silinda kuwa kubwa. Ukitoka ya inchi 5/8 kwenda 3/4, safari ya kazi inapungua kama asilimia 30 hivi lakini pedali inakuwa nzito kama asilimia 44, hesabu ya eneo la pistoni ndo inasema hivo. Kwa mbio za magari sawa. Kwa tuktuk za Malindi utajuta, na ukubwa huo unaweza kusukuma slevu kupita mpaka wake kwa hivo stopa utaihitaji tu.

Ukimaliza zunguka siku mbili tatu karibu karibu na nyumbani ukivaa viatu unavovaa kila siku, kisha kaza nati tena. Jua pia kwamba ile ziada uloikata ilikuwa akiba. Slevu yangu ilianza kuvuja nikitoka Garsen, nilipokaribia Gongoni gia zikawa hazitaki kuingia, zamani ningekuwa na sentimita tano za kuchezea. Nikasimama kando, nikalegeza nati, nikairudisha bolti ndani mpaka mwisho, nikajaza mafuta kwenye kichupa nikapampu, nikavuka daraja la Sabaki gia zikiingia kwa shingo upande. Kwa hivo usichomelee stopa ikae milele, na spana yake itembee na gari. Na siku ukibadilisha klachi plati rudia vipimo vyote upya, vya zamani vitupe.