Mtoto mdogo chomboni: namna ya kupanga safari ya jahazi Lamu

Kina mama wanaotaka kuja Lamu na watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu huniuliza kwanza habari za nepi na maziwa. Hayo tutayafikia. Swali langu kwao huwa moja: mtoto hulala saa ngapi mchana? Safari ya chombo cha tanga yenye mtoto wa umri huo hupangwa kwa maji ya bahari na kwa usingizi wake, mengine yote hufuata. Mume wangu ni nahodha hapa Shela, na wageni wakija na mtoto mdogo mimi hupanda nao, nikapika na kumwangalia mtoto. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia pale barazani kabla hawajatoa hata shilingi.

Jambo la kwanza, punguza mwendo, ongeza kukaa. Wengi wamesikia sifa za kisiwa cha Kiwayu na wanataka Kiwayu. Ni kuzuri kweli, lakini kwa tanga ni safari ya kutwa, na mtoto wa miaka miwili akishakaa chomboni saa tatu hamu imemwisha. Raha yake iko kule mnakofika: mchanga, maji ya vifundoni, kaa wanaokimbilia mashimo yao, ndoo na kikombe cha kuchotea. Kiwayu iacheni mpaka afike miaka mitano au sita, na hata hapo ulizeni kwanza hali ya usalama, maana ni njia ya kuelekea mpaka wa Somalia. Kwa mdogo, Manda Toto, kile kisiwa kidogo kando ya Manda, inatosha. Tunatoka asubuhi, tunatia nanga mapema, tunalala nje siku mbili palepale bila kuhamahama, ya tatu tunarudi.

Na kabla ya hiyo, fanyeni safari ya nusu siku ya kumjaribu. Mimi huwapeleka Takwa, yale magofu yaliyo Kisiwa cha Manda. Mlango wake ni mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, maji yametulia, hakuna mawimbi ya kumtisha mtoto. Chombo huingia maji yakijaa, na lazima kitoke kabla hayajakupwa, la sivyo mtakwama topeni mpaka yajae tena. Huko kuna msikiti wa zamani wenye nguzo juu ya kibla, na mibuyu mikubwa ya kumkalisha mtoto kivulini akala ndizi. Mji ulihamwa karne ya 17. Mtoto hatajali habari za karne, lakini wewe utakuwa umeshajua kama anatulia chomboni, kama anakubali jaketi, na kama nahodha uliyempata ana subira na watoto. Kama yeye ndiye anayekuharakisha kila dakika, tafuta mwingine. Manahodha Lamu ni wengi.

Miezi nayo ina uzito wake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba, na katikati hapo, Oktoba na Novemba, kuna matlai, upepo mwepesi. Mimi ningemleta mtoto wakati wa matlai, au Februari kaskazi inapoanza kulegea. Wakati wa kaskazi mtabisha kidogo, yaani mtakwenda kinyume cha upepo, mkienda Manda Toto, lakini mkirudi upepo u nyuma yenu na mnafika upesi, na siku ya kurudi ndiyo mtoto amechoka. Juni hadi Agosti kusi ina nguvu, mlango wa bahari pale mbele ya Shela huchafuka. Miezi hiyo, kama ni lazima, kaeni ndani kwenye mikoko, msitoke bahari kuu na mtoto.

Sasa maji. Lamu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 3. Siku za maji mafu, yaani kama tarehe 7 na 22 za mwezi wa Kiislamu, tofauti ni ndogo. Bamvua ikiwapo, maji hukupwa katikati ya asubuhi na kujaa alasiri. Haya yakuhusu nini wewe mwenye mtoto? Yakuhusu sana. Njia ya Mkanda, baina ya Manda na bara, ndiyo ya kwendea Manda Toto, na hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa tu. Ukimwambia nahodha unataka kuondoka saa tatu asubuhi siku ya bamvua kwa sababu ndipo mtoto anapomaliza uji, mtakaa juani mkingoja maji. Muulize hivi: "Nahodha, wiki hiyo maji yanajaa saa ngapi, na Mkanda tutapita saa ngapi?" Akishakujibu, lete saa za usingizi wa mtoto uzipime na hizo. Ninachokitafuta mimi ni siku ambayo tunatweka tanga mtoto ameshiba na ameshacheza, ili saa moja baada ya kuondoka awe amelala. Chombo kikishika upepo huyumba polepole, maji yanapiga ubavuni kwa mpigo mmoja, na sijamwona mtoto anayeshindana na hilo kwa muda mrefu. Siku hizo zikikataa kupatikana, sogeza tarehe ya safari. Usimsogeze mtoto.

Jaketi la kuokolea maisha ndilo jambo nisilokubali mjadala. Vyombo vingi vina majaketi ya watu wazima, na jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa kilo 12 ni hatari, atachomoka kwa chini likabaki linaelea peke yake. Njoo na la kwake kutoka Nairobi au Mombasa, lililoandikwa kilo zake. Litazame vitu vitatu: ukanda unaopita katikati ya miguu, kola nene nyuma ya shingo ya kumgeuza uso juu, na mshikio wa kumnyakulia hapo kisogoni. Yale maboya ya kupuliza ya mikononi ni ya kuchezea, hayamwokoi mtu.

Kisha mzoeshe. Msimu uliopita alikuja mama mmoja na mwanawe wa miaka miwili, na mtoto alipovishwa jaketi alijirusha chini akalia mpaka sauti ikakauka. Mume wangu akasema, "Mama, msimpandishe kwa nguvu, nendeni ufuoni kwanza." Tukaenda pale Shela maji yakiwa ya magotini. Nikamvisha mdoli wake kijitambaa nikakifunga mbele kwa fundo, tukasema mdoli naye ana jaketi. Mtoto akaleta lake mwenyewe. Nikakaza kanda zote, nikashika mabegani nikavuta juu: lilipanda mpaka masikioni, maana yake bado limelegea. Nikakaza tena, nikavuta, kidevu kikabaki mahali pake. Tukamlaza chali majini, mkono wa mamake chini ya mgongo, akaona kwamba analala juu ya maji. Kesho yake alipanda chomboni amelivaa tangu nyumbani. Fanya hivyo hivyo, siku moja kabla.

Mkishapanda, mahali pa mtoto ni katikati ya chombo, chini ya turubai, mbali na kamba. Tanga linapogeuzwa, foromali, ule mti unaobeba tanga, huhamishwa na kamba hukimbia kwa nguvu, na baharia hana nafasi ya kutazama ni mguu wa nani uko njiani. Kubalianeni neno moja, kwetu nahodha husema "Tunageuza!" na hapo mtoto huwa mapajani mwa mtu kabla kamba haijaguswa. Ule ubao unaotolewa nje ya ubavu, mabaharia wanapokaa kusawazisha chombo, wageni huupenda kwa picha. Mtoto asiukaribie, hata akipakatwa. Jiko la makaa huwekwa kwenye sanduku la mchanga, na mimi hupika mtoto akiwa amelala au akiwa amekamatwa na mtu mwingine. Wengine hutaka kumfunga mtoto kwa kanga au kamba kwenye mlingoti asitembee. Usifanye. Chombo kikipinduka, aliyefungwa huzama nacho. Dawa yake ni mtu mmoja, kwa jina, mwenye zamu ya mtoto, na zamu inapobadilishwa isemwe kwa mdomo: "Baba fulani, mtoto kwako." Wakiwa watu wazima wanne chomboni na hakuna aliyetajwa, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Na mtoto anayezama hapigi kelele.

Kichefuchefu cha bahari huwatisha wazazi kuliko inavyostahili. Walio chini ya miaka miwili kwa kawaida hawapatwi sana. Ni kuanzia hapo na kuendelea mpaka utotoni wanapopatwa zaidi. Hutokea kwa sababu sikio la ndani linahisi chombo kinayumba ilhali macho yanatazama kitu kisichoyumba, kama kitabu au simu. Kwa hiyo simu iwekwe, mtoto aoneshwe mbali, mikoko, ndege, pwani. Dawa za kutapika usimpe kwa kukisia: promethazine haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili, inaweza kumzuia pumzi. Muulize daktari kabla ya kutoka nyumbani. Beba pakiti za ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, uzichanganye na kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti yenyewe, na umpe kijiko kijiko, si kikombe kizima. Yaliyochanganywa yasipite saa 24. Mtoto akikaa saa sita bila kukojoa, akilia bila machozi, macho yamemzama, au amelegea haamki vizuri, safari imekwisha: injini iwashwe, mrudi mjini, hospitali ya King Fahd. Ndiyo maana napendelea chombo chenye tanga na injini ya akiba, na Manda Toto kuliko mbali zaidi.

Chakula ni chepesi kupanga. Kama ananyonya, aendelee. Usichague safari kuwa ndio wakati wa kumwachisha. Uji wa asubuhi ninaupika mimi, viazi vya kuchemsha, ndizi, wali wa nazi usio na pilipili, na samaki aliyevuliwa siku hiyo. Samaki nammenya kwa vidole, siyo kijiko, kwa sababu vidole huuona mwiba ambao macho hayauoni. Changu na tafi ni watamu lakini wana miba. Kwa mtoto naomba nguru au kolekole, nyama yake ni nene. Beba chakula kimoja anachokijua cha nyumbani, hata kama ni biskuti, kwa ile saa atakayokataa kila kitu. Maji ya kunywa yawe kwenye madumu, na juu ya hesabu ya watu wazima mimi huongeza dumu moja la lita 20 kwa ajili ya mtoto: kunywa, kupikia uji na kumsuuza chumvi jioni. Chumvi ikikaa kwenye mikunjo ya mapaja usiku kucha, asubuhi ni vidonda.

Jua la chomboni hupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini, kwa hiyo hata aliye kivulini huungua. Mikono mirefu, kofia yenye kamba ya kidevuni, na kuanzia saa nne mpaka saa tisa abaki chini ya turubai. Akicheza majini avae viatu vya mpira. Mwambani kuna wale wanyama wenye miba mirefu myeusi, na mchangani yule samaki bapa aitwaye taa hujifukia. Wewe tangulia mbele ukiburuta miguu, taa akisikia ataondoka.

Nepi zilizotumika hazitupwi baharini wala kuzikwa ufuoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo njoo na ndoo yenye kifuniko kinachobana, na kila kilichotumika mrudi nacho mjini. Nepi za kitambaa ni bora zaidi ukiweza. Nne tano na sabuni ya kipande, na kamba ya kuanikia haikosi chomboni. Kwa aliyeanza kukalia poti, beba poti lake. Vyombo vyetu vingi havina choo cha kumfaa mtoto.

Usiku mtoto alale nchi kavu. Watu wazima wakitaka kulala chomboni wakitazama nyota, walale, lakini anayeamka saa nane za usiku na kutembea gizani asiwe na bahari pande zote. Hema lifungwe juu ya alama ya maji ya bamvua, nahodha ndiye aioneshe, na ndani yake kuwe na chandarua kilichotiwa dawa, kwa kuwa malaria pwani ipo. Magharibi ikikaribia mbu wa mikoko hutoka, mvishe suruali ndefu kabla, si baada ya kuumwa.

Siku ya kurudi omba mfike gatini maji yakiwa yamejaa. Maji yakikupwa, ngazi za gati huwa na ukoga na utelezi, na chombo hukaa chini sana. Mtu mzima mmoja ashuke kwanza mikono mitupu, asimame imara, ndipo apokezwe mtoto akiwa bado na jaketi lake. Mizigo ishushwe baada yake.