Kasorobo: namna ninavyofundisha sehemu hasi kwenye mstari wa namba

Zamani nilifundisha namba hasi kwa deni la dukani. Ukidaiwa shilingi 500 na Mangi, una hasi 500. Watoto wa tuisheni hapa barazani kwangu Tandika walidaka upesi, mpaka siku nilipouliza: kati ya hasi 500 na hasi 200, ipi ndogo? Wote kwa sauti moja, "Hasi mia mbili, madam!" Kwa akili ya dukani hawakukosea, deni la mia mbili ndilo dogo. Kipimajoto cha kitabuni nacho hakikunifaa. Mtoto wa Dar anapajulia wapi chini ya sifuri, kama si ndani ya friji la mama muuza barafu?

Nikaviacha vyote viwili, nikashika saa. Sisi sehemu hasi tunayo mdomoni kila siku: anayesema kasorobo ameshataja hasi robo.

Tafuta chaki, sakafu ya saruji na futi ya fundi cherehani, ile laini ya sentimita 150. Chora mstari wa mita tatu. Chagua mahali pa sifuri na chini yake andika saa 6 mchana. Pima sentimita 60 kwenda kulia, hapo ni 1, chini yake saa 7. Sentimita 60 kwenda kushoto ni hasi 1, chini yake saa 5. Endelea hivyo kutoka hasi 3 hadi 2. Hiyo 60 sikuiokota tu: kila dakika inapata sentimita yake, na 60 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5 na 6 bila baki.

Sasa waambie wagawe nafasi ya kati ya 0 na 1 katika robo. Wengi watachora vistari vinne, kisha watashangaa vipande vimekuwa vitano. Usiwasahihishe kwa mdomo. Mwambie mtoto anyooshe kiganja ahesabu vidole, halafu ahesabu nafasi zilizo kati ya vidole. Vidole vitano, nafasi nne. Tunachohesabu ni nafasi. Kwa robo, vistari vitatu vya ndani vinatosha.

Kazi yenyewe iko upande wa kushoto. Juzi kijana mmoja wa kidato cha kwanza nilimwambia asimame kwenye hasi 1 na robo. Akaenda mpaka hasi 1, akageuka kulia, akahesabu robo, akasimama kati ya hasi 1 na sifuri. Kosa hili nimeliona mara nyingi kuliko jingine lolote: mtoto anaona "na robo", mguu unakwenda kulia.

Nikamuuliza, "Hapo ulipo ni saa ngapi?"

Akaangalia chini. "Saa tano na robo."

"Bado kiasi gani ifike saa sita?"

"Dakika arobaini na tano... robo tatu." Akanyamaza. "Kumbe hapa ni hasi robo tatu!"

Akarudi mwenyewe kushoto, akaipita hasi 1, akasimama kwenye saa tano kasorobo. Kutoka hapo mpaka saa sita ni saa moja na robo. Sikumwongezea neno.

Kuna wanaosoma saa kwenye simu tu. 11:45 kwao ni "saa tano na dakika arobaini na tano". Si kosa. Waulize bibi angesemaje, kisha waonyeshe kwamba hasi 1 ukiongeza robo tatu unafika kwenye hasi robo ileile.

Kulinganisha kunakuwa rahisi. Hasi robo na hasi sudusi (moja ya sita, yaani dakika kumi za saa), ipi ndogo? Geuza swali: kati ya kasorobo na kasoro dakika kumi, ipi inatangulia? Kasorobo. Inayotangulia iko kushoto, nayo ndiyo ndogo. Kujumlisha vilevile: saa sita kasorobo, ongeza nusu saa, unatua saa sita na robo. Ila kwenye kuzidisha hasi kwa hasi saa haina msaada, usiilazimishe.

Wiki ya pili futa saa zote chini ya mstari, acha namba peke yake. Usichelewe, maana wengine wataziegemea mpaka mtihani. Mimi huanza na hasi 2 na theluthi moja. Anayesita namwinamia sikioni: "Saa nne kasoro dakika ngapi?"