Somo: Kubadilisha kikopo cha mafuta ya stelingi kwenye BMW E46, nyumbani kwako

Salaam, wanachama. Stelingi ikianza kulia unapokata kona kuingia feri pale Likoni, wengi wetu hununua chupa ya mafuta, tukajazia, tukaenda zetu. Baada ya muda inalia tena. Stelingi hainywi mafuta wala haiyachomi. Yakipungua ujue yanavuja, na kwenye E46 (ile Series 3 ya karibu 1998 hadi 2006) ya silinda sita mahali pa kwanza pa kutazama ni kikopo chenyewe na klipu zake mbili zinazobana paipu.

Kikopo hiki si chombo cha kuwekea mafuta tu. Chini kabisa ndani yake mna filta ya wavu iliyoungana na plastiki, haitoki. Ikijaa uchafu, pampu inakosa mafuta ya kuvuta na huanza kulia, kisha inajila yenyewe. Kikopo ni bei ndogo mno ukilinganisha na pampu. Zaidi ya hayo, kimekaa karibu kabisa na oltaneta, yaani mtambo unaochaji betri, na mafuta yakiidondokea kila siku nayo itakufa. Kwa hiyo fundi akikwambia "ongeza tu mafuta, bwana", mshukuru kisha uendelee kusoma.

Kabla hujanunua chochote, soma kifuniko. Kimeandikwa ATF au CHF 11S, aina mbili tofauti za mafuta. ATF ni nyekundu, CHF ni ya kijani, na hayachanganywi. Chukua lita mbili za aina iliyoandikwa. Dukani nenda na namba ya chesi, usiende na maneno "ya BMW". Nunua pia klipu mbili mpya za kukaza kwa bisibisi, kubwa na ndogo. Zile za kiwandani zimebanwa mara moja tu, ukizifungua ni za kutupa.

Usiku wa kuamkia kazi, puliza dawa ya kulegeza kutu kwenye bolti ya kishikilio cha kikopo. Huku kwetu hewa ya chumvi haichagui gari la bei gani, na bolti ikikatikia mle ndani siku yako imeisha. Asubuhi, injini ikiwa baridi, osha eneo lote la kikopo kwa brashi na ukaushe. Usiruke hapa. Chembe ya mchanga ikidondokea kwenye paipu iliyo wazi inakwenda moja kwa moja kwenye pampu.

Toa waya wa negativu wa betri, maana utakuwa na spana za chuma kando ya oltaneta. Kwenye silinda sita betri iko ndani ya buti. Kisha toa boksi la filta ya hewa upate nafasi ya mikono, na uifunike oltaneta kwa mfuko wa nailoni na matambara.

Vuta mafuta ya zamani kwa sirinji kubwa. Yakitoka meusi kama kahawa tungu, utajua filta imepitia nini. Weka karai chini ya gari, maana hata ukivuta vipi mengine yatamwagika. Katisha klipu za zamani kwa koleo, na mpira ukigoma usiuvute kwa nguvu: uzungushe kwanza ushikamano uachie. Paipu nene ndiyo inayokwenda kwenye pampu, nyembamba inarudisha mafuta. Zibe zote mbili kwa nailoni safi.

Sasa ziangalie hizo paipu kwa makini. Ukikunja ncha ukaona nyufa, au mpira umekuwa mgumu kama mti, badilisha. Klipu mpya juu ya mpira uliokufa itavuja vilevile. Kama ncha tu ndiyo mbovu na paipu ina urefu wa kutosha, kata kipande kidogo ufike kwenye mpira mzima.

Legeza kishikilio, toa kikopo, ingiza kipya, rudisha paipu mpaka mwisho wa mdomo wake, kaza klipu. Kaza kiasi, mdomo ni plastiki.

Kutoa hewa ndiko kunakoharibiwa na haraka. Inua magurudumu ya mbele, gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Jaza mafuta. Injini ikiwa imezimwa, fungua loki ya usukani kwa ufunguo, umpe mtu auzungushe polepole kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, huku wewe unaongeza mafuta yakishuka. Kikopo kisikauke hata mara moja. Endelea mpaka viputo viishe. Hapo ndipo urudishe boksi la hewa na betri, uwashe, urudie polepole bila kuushikilia usukani mwishoni. Zima, pima kwa kijiti cha kifuniko, futa kila tone lililoangukia karibu na ekzosi, maana mafuta haya yanashika moto.

Mafuta machafu yatie kwenye chupa uipeleke gereji wanakokusanya oili chafu. Mitaro yetu inaishia baharini.

MASWALI YA WANACHAMA

Kisauni: Kaka, niliongeza ya kijani kwenye nyekundu, na nimeshaendesha. Nifanyeje?
Jibu: Badilisha yote, si ya kikopo tu. Chomoa paipu ya kurudisha uielekeze kwenye chupa, ziba mdomo wake kwenye kikopo, kisha zungusha usukani injini ikiwa imezimwa huku unajaza mapya juu. Ukiona yanatoka rangi safi, rudisha paipu utoe hewa.

Likoni: Nimebadilisha kila kitu, haivuji hata tone, lakini bado inalia na mafuta yana povu.
Jibu: Paipu nene, shekhe. Pale pampu inavuta, kwa hiyo klipu iliyolegea inaweza kuingiza hewa bila kutoa tone nje. Ikaze, toa hewa upya. Povu likiisha na sauti ikabaki, pampu imeshaumia.

Tudor: Fundi wangu anasema nioshe filta kwa petroli, nisinunue kikopo.
Jibu: Kikate cha zamani kwa msumeno umwoneshe. Uchafu umejibana katikati ya matundu ya wavu, na utakaoachia nusu nusu utaelekea kwenye pampu.

Nyali: Mimi ni dada wa Mercedes W203. Somo hili linanifaa?
Jibu: Kanuni za usafi na kutoa hewa ndizo hizo, dada, ila usitie mafuta kwa kufuata BMW. Yako yanataka ya stelingi yenye idhini ya MB 236.3, tafuta namba hiyo nyuma ya chupa.

Bamburi: Nina BMW F30, nimetafuta kikopo mpaka nimechoka.
Jibu: Pumzika, ndugu yangu, hakipo. F30 ina stelingi ya umeme. Na kwa kuwa sheria yetu ya Kenya hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka minane, mengi yanayoshuka Kilindini siku hizi ni ya namna hiyo. Usukani wako ukiwa mzito, anza na betri, kisha tafuta mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari.