Mzio wa Ngozi kwa Golden Retriever: Kutafuta Chanzo Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia rafiki ambaye golden retriever wake alikuwa hapumziki kujikuna, ingawa alikwisha kubadilishiwa chakula mara kadhaa. Aina hii ya mbwa ni miongoni mwa zile zinazosumbuliwa zaidi na mzio wa ngozi, na mzio unaotokana na mazingira kwa kawaida hujitokeza kati ya umri wa miezi 6 na miaka 3. Hakuna kipimo kimoja kinachotoa jibu. Chanzo hupatikana kwa kuondoa uwezekano mmoja baada ya mwingine, na atakayeruka hatua atalazimika kuirudia.

Hatua ya 1: Mkague mbwa

Manyoya ya golden retriever yana tabaka mbili na huficha ngozi, kwa hiyo yatenganishe kwa vidole penye mwanga mkali. Angalia makwapa, kinena, tumbo, ndani ya masikio na katikati ya vidole. Mbwa anayelamba nyayo mara kwa mara huachwa na madoa ya rangi ya kutu, kwa sababu mate hubadilisha rangi ya manyoya, na kwa mbwa mwenye rangi hafifu madoa hayo huonekana waziwazi. Andika pia kama muwasho huja kwa msimu au hudumu mwaka mzima, maana mzio wa chakula haufuati msimu.

Hatua ya 2: Ondoa viroboto, hata kama huvioni

Muwasho unaojikita kiunoni, kwenye shina la mkia na nyuma ya mapaja huelekeza kwa viroboto. Chana sehemu hizo kwa kitana chenye meno ya karibu, kisha dondoshea uchafu uliopatikana kwenye karatasi nyeupe iliyolowa: chembe nyeusi zikitoa rangi nyekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, ambacho kimejaa damu. Watibu wanyama wote wa nyumbani kwa miezi 3 mfululizo, lakini usimpake paka dawa ya mbwa yenye permethrini, kwani inaweza kumuua. Napendelea vidonge kuliko dawa za kupaka, kwa sababu mbwa mwenye mzio huogeshwa mara nyingi na dawa ya kupaka hupungua nguvu.

Hatua ya 3: Tibu maambukizi

Daktari wa mifugo achukue sampuli ya ngozi na ya masikio, aitazame kwa hadubini, kisha atibu bakteria au fangasi watakaoonekana.

Hatua ya 4: Jaribio la chakula

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo wengi wanapopoteza miezi. Kinachochochea mzio wa chakula ni protini ambayo mbwa amekwisha kuila, na zinazotajwa sana ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Kubadilisha kampuni ya chakula hakusaidii ikiwa protini ni ileile, na mfuko ulioandikwa samaki mara nyingi huwa na mafuta au unga wa kuku ndani yake. Vipimo vya damu, mate na manyoya vinavyouzwa kwa ajili ya mzio wa chakula si vya kutegemewa, nami nisingevilipia.

Napendelea chakula cha kitabibu ambacho protini yake imevunjwavunjwa vipande vidogo, kwa sababu vyakula vya kawaida vya dukani vimeonekana mara kwa mara kuwa na protini zisizotajwa kwenye lebo. Chakula cha kupikwa nyumbani kinafaa pia, mradi kitumie nyama ambayo mbwa hajawahi kuila. Hata hivyo, mtoto wa mbwa anayekua asipewe bila mpango wa mtaalamu wa lishe, kwani upungufu wa kalsiamu utaharibu mifupa yake.

Mpe chakula hicho peke yake kwa wiki 8, na neno «peke yake» lichukuliwe kwa uzito wake. Jaribio huharibiwa na makombo yanayodondoka mezani, dawa ya meno yenye ladha ya kuku, vidonge vya kutafuna vilivyotiwa ladha ya nyama, kapsuli za jelatini, siagi inayofungiwa kidonge, na bakuli la paka. Golden retriever hula chochote anachokikuta, kwa hiyo watu wote wa nyumbani wakubaliane, na atembezwe akiwa amefungwa kamba.

Daktari anaweza kutoa dawa ya muwasho katika wiki za mwanzo ili mbwa apumzike, lakini ni lazima isimamishwe kabla ya jaribio kwisha, vinginevyo nafuu ya dawa itahesabiwa kuwa nafuu ya chakula. Mbwa akipata nafuu, jaribio bado halijakamilika: mrudishie chakula cha zamani. Muwasho ukirejea ndani ya siku 14, na kutulia tena baada ya kukiondoa, mzio wa chakula umethibitika. Wengi huogopa sehemu hii, lakini bila hiyo nafuu inaweza kuwa imeletwa na kubadilika kwa msimu tu.

Hatua ya 5: Ikiwa chakula hakihusiki

Baada ya kuondoa hayo yote, kinachobaki mara nyingi ni mzio wa chavua, kuvu au utitiri wa vumbi, ambao hutulizwa lakini hauponi. Oklasitinibu, kidonge cha kutuliza muwasho, huanza kazi haraka, ingawa haitolewi kwa mbwa aliye chini ya miezi 12; sindano ya lokivetimabu hutuliza kwa wiki 4 hadi 8; prednisoloni, ambayo ni dawa ya steroidi, inafaa kwa muda mfupi, kwani ikitumika kwa muda mrefu huleta kiu, unene na udhaifu wa ngozi. Vipimo vya mzio huu wa mazingira vina thamani pale unapokusudia sindano za kuuzoesha mwili na vitu vinavyouchochea, ambazo zinaweza kuchukua hadi mwaka 1 kuleta matokeo.

Hatua ya 6: Matunzo ya kila wiki

Mwogeshe kwa shampuu aliyoagiza daktari, iache dakika 10 kabla ya kusuuza, kisha mkaushe hadi kwenye tabaka la ndani, kwani unyevu uliobaki humo huchochea vidonda vinavyotoa majimaji. Usimnyoe manyoya yote. Masikio yasafishwe baada ya kila kuogelea. Akivimba uso ghafla, akatapika au akahema kwa shida, hasa baada ya kuumwa na nyuki, mpeleke kliniki papo hapo.