Kabla hujatuma mchango, linganisha majina

Minada ya korosho ikishaanza Oktoba na hela za wakulima wa Tandahimba na Newala zikaingia benki, waomba michango nao wanajua. Wengi ni wa kweli. Matapeli wachache wanawaharibia, ndiyo maana kukagua ni kuwalinda wenye shida hasa.

Picha ya cheti iliyotumwa WhatsApp si ushahidi, kwa sababu kubadilisha jina kwenye picha ni kazi ya dakika chache. Jina lisomeke sawasawa sehemu tatu: kwenye cheti, kwenye daftari la msajili na kwa mpokeaji wa hela.

Uliza kwanza wamesajiliwa wapi. NGO, yaani mashirika yasiyo ya kiserikali, husajiliwa chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, kwa Sheria Na. 24 ya 2002. Jumuiya za dini ziko kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Bodi za wadhamini ziko RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Ukitafuta jumuiya kwenye daftari la NGO hutaiona, na utamwita mwizi mtu asiye na kosa. Soma na tarehe: tangu marekebisho ya 2019, cheti cha NGO ni cha miaka 10.

Kisha nenda halmashauri, kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, ukiwa na jina kamili na namba ya usajili. "Wale wa yatima" haimsaidii kitu. Muulize kama wanafanya kazi wilayani humo. Wakisema wanachimba kisima Nanyumbu, wataje kijiji, nawe umpigie mtendaji wake.

Kwenye simu ndipo wengi hunaswa. Ukishaandika namba na kiasi, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha. Hapo simama, usome. Likitokea jina la mtu badala ya shirika, ghairi. Utaambiwa "huyo ni mhasibu wetu" au "akaunti ina tatizo leo". Subiri hiyo akaunti itengemae. Kikundi kidogo cha kijiji kweli hutumia laini ya mweka hazina. Basi kiombe muhtasari wa kikao uliomtaja, wenye muhuri wa mtendaji.

Mchango wa mgonjwa una njia salama zaidi. Akiwa hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), omba kumbukumbu namba ya malipo (control number) ya bili yake, yenye tarakimu 12, ulipe mwenyewe. Hela inaingia serikalini moja kwa moja, haipiti mfukoni mwa mtu.

Maafa yakitokea, kama Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 na mafuriko yaliyokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, uliza ofisi ya Mkuu wa Wilaya michango inapokelewa wapi. Anayekuhimiza "tuma sasa hivi" anakunyima muda wa kukagua.

Ujumbe wa kitapeli usiufute. Utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, ufuate maelekezo, uitaje namba iliyokutumia.