Gawa wagonjwa, usigawe kazi

Bibi mmoja wa Pongwe alilala kitanda cha mlangoni siku nzima bila kukojoa, na sote tulikuwa tumemhudumia. Mimi nilikuwa nesi wa dawa, mwenzangu wa presha na joto, mwingine wa vidonda. Chati zilijaa. Mkojo haukuwa zamu ya mtu. Aliyegundua ni mkwewe, aliyekuja na chupa ya uji kutoka Ngamiani: "Sista, nesi wa mama ni nani?" Nikakosa jibu. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Chetu hakikuwa na hata mmoja.

Mtindo ule wa kugawana kazi ulienea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wauguzi walipoadimika. Ni wa haraka, siukatai. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Marie Manthey na wenzake huko Minnesota, Marekani, waliugeuza: kila mgonjwa ana muuguzi wake, anayewajibika kwake tangu kulazwa hadi kuruhusiwa. Mtindo wao unahitaji watu wengi, nasi Tanga hatunao. Kwa hiyo nilipokuwa inchaji, yaani msimamizi wa wodi, nilifanya nusu yake.

Kabla ya raundi, gawa wodi kwa pande. Usihesabu vitanda, hesabu uzito: mwenye dripu na mpira wa mkojo ni sawa na watatu wanaongoja kuruhusiwa. Bandika jina la nesi juu ya kila kitanda. Naye ajitambulishe: "Shikamoo bibi. Leo niko nawe mimi mpaka zamu iishe, ukitaka kitu niite kwa jina." Kesho akiwa zamu, arudi vitanda vile vile. Hapo ndipo ataona mguu umevimba kuliko jana.

Zamu ikabidhiwe kitandani, si mezani mkinywa chai. Anayetoka amtaje anayeingia kwa mgonjwa, waangalie pamoja dripu, kidonda na mkojo, kisha mgonjwa aulizwe kama kuna lililosahaulika. Mara nyingi lipo. Lakini majibu ya vipimo na siri nyingine zisemwe pembeni. Kitanda cha jirani kina masikio, na ndugu zake wana mengi zaidi.

Sasa, kupima kama mambo yamebadilika. Ukimuuliza Mtanga "umeridhika?" atakujibu "Alhamdulillah", hata kama alikesha akiita. Adabu yake hiyo, si ripoti. Muulize: Nesi wako leo nani? Kidonge hiki cha nini? Ulipoita usiku alikuja nani, na baada ya muda gani? Majibu hayo andika.

Na usichanganye kupendwa na kutibu vizuri. Nilikuwa na kijana mcheshi, wagonjwa wakimwombea dua, huku dozi za saa sita usiku zikimpita. Mgonjwa hawezi kulalamikia dozi asiyoijua. Kila wiki hesabu mwenyewe dozi zilizorukwa na vidonda vya kulalia.

Wauguzi wakiwa wachache mno, hakuna mgawo utakaoficha upungufu huo. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake huko Pennsylvania, uliochapishwa 2002, uliona kwamba kila mgonjwa mmoja akimwongezekea muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Peleka hoja hiyo kwenye kikao cha ikama, kile cha kupanga idadi ya watumishi. Siku mkibaki wawili, dawa atoe mmoja kwa wodi nzima, ila majina yasibanduliwe, na ukaguzi uanzie kitanda cha mlangoni.